Mkamwana Wangu na Siku za Mwanzo za Kunyonyesha

Wageni wakishakaribishwa na kupewa soda, swali la kwanza wanalomuuliza mzazi ni hili: "Vipi, maziwa yanatoka?" Wanaliuliza kwa nia njema, tena mbele ya mashemeji na majirani. Nimezaa wanne, nimeona wazazi wengi katika ukoo wetu, na nasema wazi kwamba swali hilo silipendi. Mzazi wa siku mbili akiulizwa hivyo hujitazama kifuani, akaona hakijajaa, akaingiwa na hofu. Akija mgeni wa tatu na swali lile lile, hofu imeshageuka kuwa hukumu: sina maziwa. Kutoka hapo mpaka kwenye kopo la maziwa ya unga au kijiko cha maji ya sukari si mbali.

Hili nililiona kwa karibu nilipokwenda Dar es Salaam kumtunza mkamwana wangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Mama yake mzazi yuko Pangani na alikuwa na mgonjwa ndani, hakuweza kutoka, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Kwetu Marangu uzazi ni jambo la miezi mitatu. Mwanamke hashiki jembe wala hachoti maji. Analetewa mtori, supu na maziwa mpaka ngozi ing'ae. Nilishuka stendi ya Mbezi na kiroba cha ndizi mshare, nikiwa na mpango wangu kamili kichwani. Mkamwana wangu amekulia pwani. Alikula mtori kwa adabu, akamaliza, kisha kesho yake akaniambia taratibu, "Mama, naomba leo nipate uji wa pilipili manga kama wa nyumbani." Nikampikia uji, na mchana mchuzi wa samaki. Mzazi ale kile ambacho mwili wake unakijua. Mtori unampa nguvu na unamwongezea maji mwilini, uji pia, na supu ya pweza wanayoisifia huko kwao pia. Ila hakuna chakula kinacholeta maziwa ikiwa mtoto hanyonyi.

Alijifungua kwa upasuaji. Mara nyingi mama aliyefanyiwa upasuaji maziwa yake huchelewa kujaa kidogo kuliko ya aliyejifungua kwa njia ya kawaida, na juu ya hapo ana mshono, ana dawa za maumivu, hawezi kujigeuza kitandani bila kushikwa. Yeye hakuambiwa hayo kabla. Kwa bahati nesi wa zamu alimweka mtoto kifuani mwake, ngozi kwa ngozi, ganzi ya mgongoni ikiwa bado haijaisha. Mtoto alinyonya kidogo, akalala. Baada ya hapo akalala mno. Saa zikapita, kila akiwekwa titini anafungua jicho moja, anafumba.

Hapo ndipo mama wa kitanda cha jirani alipotutolea chupa ya maji ya glukosi. "Mpeni hata kijiko, mtoto ana njaa." Nilimshukuru na nikakataa. Nesi akaja akatufundisha jambo ambalo mimi na uzee wangu sikuwahi kuliona likifanywa vizuri hivyo: kukamua dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, kwa mkono. Kidole gumba juu, kidole cha shahada chini, nyuma kidogo ya weusi wa titi. Unabonyeza kuelekea kifuani, kisha unavikutanisha vidole bila kuburuta ngozi, unaachia, unarudia. Mwanzoni hakikutoka kitu. Mkamwana akaanza kulengwalengwa. Nesi akamwambia aendelee, na baada ya muda likajitokeza tone la njano, zito, likang'ang'ania kwenye chuchu. Likafuata jingine. Tukayakinga kwenye kijiko kilichochemshwa na nesi akamdondoshea mtoto mdomoni, tone kwa tone, mpaka akaanza kulamba na kuamka.

Mkamwana aliuliza, "Ni haya tu?" Ni hayo tu, na yanatosha. Tumbo la mtoto wa siku moja hubeba kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa mara moja. Dang'a haitoki kwa wingi kwa sababu hahitaji wingi. Anahitaji kinga iliyomo ndani yake. Sehemu nyingi wakati wa bibi zetu iliitwa maziwa machafu, ikakamuliwa na kumwagwa chini, mtoto akapewa maji akisubiri maziwa meupe. Nikifikiria watoto waliokosa kinga hiyo kwa kutojua, roho inaniuma. Maziwa meupe huja yenyewe, kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne, na huja vizuri zaidi kama mtoto amekuwa akinyonya muda wote huo, mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana.

Tuliporudi nyumbani ndipo kazi yangu ilipoanza hasa, na ilianza usiku.

Nilikuwa nimelala sebuleni. Nikasikia mtoto analia, anatulia, analia tena. Nilipogonga na kuingia nilimkuta mkamwana ameketi kitandani, amemwinamia mtoto mpaka mgongo umepinda, na kila mtoto aliposhika titi yeye alikunja vidole vya miguu kwa maumivu. Chuchu moja ilikuwa imeshachanika.

Mimi ni mkwe wake, na kati yetu kuna heshima. Kuna mama wakwe wanaoingia na kulikamata titi la mkamwana na kulisukuma mdomoni mwa mtoto kana kwamba ni lao. Nimewaona, na nimewaona pia wakamwana wakigeuza uso ukutani kwa aibu wasiweze kusema. Nikamwuliza, "Mwanangu, unaniruhusu nikushikie mtoto?" Akatikisa kichwa kukubali. Titi likabaki mikononi mwake, mimi nikamshika mtoto.

Kwa sababu ya mshono, kumpakata mtoto tumboni kulikuwa kunamtesa. Tukaweka mito miwili ubavuni mwake, mtoto akalazwa juu ya mito hiyo chini ya kwapa la mama, miguu ikielekea nyuma, kichwa na shingo vikiwa kwenye kiganja chake. Mwili wa mtoto wote ukamwelekea mama, sikio, bega na nyonga vikiwa kwenye mstari mmoja. Pua ikakabili chuchu. Mama akaligusisha titi kwenye mdomo wa juu wa mtoto, tukasubiri. Kusubiri huku ndiko wengi wanakokuruka. Mtoto akifungua mdomo nusu, usimwingize; mgusie tena mpaka apanue kama anayepiga mwayo, ndipo umlete upesi kwenye titi, kidevu kikitangulia. Mama asiliinamie. Mtoto ndiye aletwe.

Akishika vizuri utaona. Kidevu kimegandamana na titi, mdomo wa chini umebinuka nje, weusi wa titi unaonekana zaidi upande wa juu kuliko wa chini, mashavu yamejaa na hayaingii ndani. Ananyonya haraka haraka mwanzoni, halafu anapunguza mwendo, anavuta kwa kina, unasikia sauti ndogo ya kumeza, anapumzika, anaendelea. Nilimtazama mkamwana miguuni: vidole vilikuwa vimelala. Akasema, "Mama, haiumi." Tulijaribu mara kadhaa kabla ya hapo, na mara zile za mwanzo nilimfundisha asimvute mtoto aliyeshika vibaya, aingize kidole kisafi pembeni mwa mdomo wake aachie kwanza, ndipo waanze upya. Kumvuta ndiko kunakochana chuchu. Akimaliza apake matone ya maziwa yake mwenyewe pale palipochubuka, aache pakauke kwa hewa. Sabuni asipake.

Usiku huo huo alinilaumu kwa upole kwamba mtoto hamruhusu alale. Nilimweleza nilivyoelezwa na wataalamu wa kliniki miaka iliyopita: mtoto anaponyonya, ubongo wa mama huachia homoni mbili, prolaktini inayotengeneza maziwa na oksitosini inayoyasukuma yatoke. Ile ya kwanza hupanda zaidi usiku, kwa hiyo kunyonyesha usiku ndiko kunakoitayarishia kesho. Ile ya pili husumbuliwa na maumivu, wasiwasi na aibu. Ukilielewa hilo unaelewa kwa nini namsema mgeni wa soda. Maneno yake yanaweza kuyazuia maziwa ambayo yapo tayari yasishuke vizuri.

Kwa hiyo niliusimamia mlango. Mtu akija kumwona mzazi nilimpokea mwenyewe, nikamwambia mzazi amelala, na mara nyingi ilikuwa kweli. Aliyeingia nilimwomba asiulize habari za maziwa. Wengine walinuna. Aliyetaka kusaidia kweli nilimpa kazi: kuna kanga za kufua, kuna vyombo, kuna maji ya kuchota maana bomba la mtaa wetu lilikuwa linatoka alfajiri tu. Jirani mmoja, mtu mzima mwenye moyo mwema, alikuja amejiandaa kumkanda kwa maji ya moto tumboni. Kwa mwenye mshono hilo halifai na nesi alishalikataza, nikamweleza, akalipokea, akakaa akamenya ndizi zote za siku ile. Namshukuru mpaka leo.

Kila mwaka, Agosti 1 hadi 7, kunakuwa na Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, na kliniki zetu hubandika mabango yanayomweleza mama faida za maziwa yake. Natamani mwaka mmoja mabango yote yaandikwe kwa ajili ya wanaomzunguka. Mama anazijua faida. Anachokosa ni mtu wa kumshikia mtoto saa tisa usiku na mtu wa kumpa maji ya kunywa akiwa mikono yote miwili imeshika mtoto.

Na baba yumo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba likizo isiyopungua siku 3, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Ni chache mno, lakini mwanangu alizitumia kwa kufua nepi, kwenda sokoni, na kumwinua mtoto usiku kumkabidhi mama yake ili asijinyanyue na mshono. Alipomaliza kunyonya, baba alimweka begani akamcheulisha. Shangazi yake mmoja alipiga simu kuagiza kwamba mwanangu ahamie sebuleni, wasije wakambemenda mtoto, yaani wakamdhoofisha kwa kukutana kimwili wakati bado ananyonya. Nilimjibu kwa heshima kwamba mzazi mwenye mshono anapumzishwa na mumewe analijua hilo, ila maziwa hayaharibiki kwa baba kulala chumba kimoja na mkewe, na usiku mwanangu alikuwa na kazi mle ndani. Nikalibeba lile lawama mimi. Mkwe akibeba lawama za ukoo, mkamwana anapata nafasi ya kupumua.

Siku ya nne maziwa yakajaa. Yalijaa kwa kishindo, matiti yakawa magumu, yana joto, yanang'aa, na chuchu zikajivuta ndani hata mtoto akawa anateleza. Waliokuwa wakisema hana maziwa sasa wakasema yamezidi. Tulifanya mambo mawili. Kabla ya kunyonyesha, kitambaa cha uvuguvugu kwa dakika chache, halafu akamue kwa mkono kiasi kidogo tu mpaka pale karibu na chuchu pawe laini mtoto aweze kushika. Baada ya kunyonyesha, kitambaa cha maji baridi kupunguza uvimbe. Hakuna kukamua mpaka yaishe, kwa kuwa kadiri yanavyotolewa ndivyo mwili unavyotengeneza mengine. Baada ya siku mbili hivi titi likatulia, likajua kiasi cha mtoto wake.

Nilimtahadharisha pia: akiona sehemu moja ya titi imekuwa nyekundu na inauma, na homa inapanda, aende hospitali upesi na asiache kunyonyesha titi hilo. Wengi huacha wakidhani maziwa yameoza. Kuacha kunayafanya yazidi kugandamana ndani.

Hofu ya maziwa kutotosha ilirudi tulipompeleka mtoto kliniki. Alizaliwa na kilo 3.1, na kwenye mzani akakutwa na kilo 2.9. Mkamwana alinyamaza njia nzima kurudi nyumbani, kadi ya kliniki ameishika mkononi anaitazama. Watoto karibu wote hupungua siku za mwanzo. Kupungua mpaka asilimia 7 kunatarajiwa, kukifika asilimia 10 wahudumu hufuatilia kwa karibu, na uzito wa kuzaliwa hurudi kwa kawaida ndani ya wiki mbili. Niliongea naye jioni, nikamwonyesha kitu anachoweza kukihesabu mwenyewe bila mzani, nacho ni nepi. Siku ya kwanza mkojo mara moja, ya pili mara mbili, unaongezeka hivyo mpaka siku ya sita mtoto akojoe mara sita au zaidi, mkojo ukiwa mweupe. Choo nacho kinatoka cheusi cha kunata, kinakuwa cha kijani, na kufikia siku ya tano kinakuwa cha njano. Tukaandika kwenye daftari. Ukiwa na daftari, jirani akisema mtoto ana njaa unafungua unaangalia. Wiki mbili zilipotimia mzani ulisoma kilo 3.2, na safari ile ya kurudi nyumbani mkamwana aliongea mpaka tunashuka daladala.

Nepi zingekuwa chache, ningesema mengine. Mtoto anayelala hataki kuamka kunyonya, mwenye mkojo mchache wa rangi nzito, aliyepata manjano mwilini na machoni, au mwenye homa, huyo si wa kupikiwa dawa nyumbani, ni wa kukimbizwa hospitali. Na wapo kina mama ambao maziwa yao hayatoshi kweli, kwa ugonjwa au kwa sababu za kimwili, pamoja na kufanya kila kitu sawasawa. Mtoto wa ndugu yangu mmoja aliongezewa maziwa mengine kwa maelekezo ya daktari na amekua vizuri. Sijawahi kumwona mama yake kuwa pungufu. Ninachokipinga ni uamuzi huo kufanywa na mgeni aliyekuja kwa nusu saa.

Kulikuwa pia na siku mkamwana alilia tu, bila kisa. Sikumwambia ajikaze. Nilimchukua mtoto, nikamfungulia maji ya kuoga, nikamwacha alie humo. Machozi ya siku za kwanza hupita. Yakivuka wiki mbili, au mama akianza kusema mtoto angekuwa bora bila yeye, hilo ni la kupelekwa kwa wataalamu siku hiyo hiyo, na familia isilifiche.

Utafiti wa hali ya afya Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 64 ya watoto wa chini ya miezi sita wananyonya maziwa ya mama pekee. Ni hatua nzuri, lakini zaidi ya theluthi moja bado wanapewa maji, uji au kitu kingine mapema. Dar es Salaam kwa joto lile, kila mtu alikuwa na huruma na kiu ya mjukuu wangu. Maziwa ya mama sehemu kubwa ni maji. Kiu ikimzidi ananyonya mara nyingi zaidi, basi. Maji ya kwenye ndoo yetu, hata yakichemshwa, yanajaza tumbo dogo na yanaweza kuleta kuhara.

Mkamwana anafanya kazi kwenye duka la dawa. Likizo yake ya uzazi ilikuwa siku 84 kama sheria inavyosema, na sheria hiyo hiyo inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, kumnyonyesha mtoto. Hakujua habari ya saa mbili. Mwanangu ndiye aliyeitafuta na kumchapia barua. Kabla ya kurudi kazini tulimfundisha dada wa nyumbani: anawe mikono, achukue maziwa yaliyokamuliwa, ayatie vuguvugu ndani ya bakuli la maji ya moto, asiyachemshe wala asiyaache mezani kwa joto lile zaidi ya saa nne. Amnyweshe kwa kikombe kidogo, mtoto ameketishwa, kikombe kiguse mdomo wa chini, mtoto ayavute mwenyewe kwa ulimi. Chupa tuliiacha, maana kuisafisha vizuri ni kazi na kikombe kinasuguliwa mara moja kikatakata. Dada alilowa maziwa siku za kwanza. Sasa anafanya vizuri kuliko mimi.

Nimerudi Marangu. Mtoto ana miezi mitano na ushee, na jana jioni mama yake alinipigia kuuliza kama aanze kumpa uji, kwa kuwa jirani amemwambia mtoto anatazama watu wanaokula. Nimemwambia asubiri miezi sita itimie, kisha aanze na uji mzito unaokaa kwenye kijiko, vijiko viwili vitatu, na titi liendelee mpaka miaka miwili au zaidi.